Simu, Kamera ya Kompyuta, DSLR au Isiyo na Kioo: Kuchagua Kamera na Lenzi kwa Animesheni ya Vikaragosi

Anayetaka kutengeneza animesheni kwa kusogeza kikaragosi kidogo kidogo na kukipiga picha baada ya kila msogeo huanza, mara nyingi, kwa kuuliza ni kamera gani inayotoa picha nzuri zaidi. Swali hilo linamfaa mpiga picha wa harusi. Katika kazi yetu sekunde moja ya filamu hubeba fremu 24, na hata ukiamua kila picha ishike fremu mbili, kama wengi wafanyavyo, bado unahitaji picha 12 kwa sekunde, yaani 720 kwa dakika. Picha hizo huenda zikachukua siku nne kupigwa, na mtazamaji ataziona zote ndani ya dakika moja. Kwa hiyo tofauti ndogo ya mwanga kati ya picha na picha, ambayo usingeigundua hata ukiziweka mbili kando kwa kando, itaonekana kwenye skrini kama taa inayopepesa. Kamera inayofaa hapa ni ile isiyojiamulia jambo lolote baada ya wewe kuipanga.

Nililijua hilo kwa kuchelewa. Filamu yangu ya kwanza niliipiga katika chumba cha uani huku Ngamiani, Tanga, nikiwa na mvuvi wa waya na sponji mwenye ndevu za katani, kamera ya DSLR ya kuazima (yenye kioo ndani kinachopeleka taswira kwenye dirisha la kutazamia, na lenzi inayobadilishwa) na lenzi iliyokuja nayo. Nilipozichezesha picha, ukuta ulio nyuma ya mvuvi ulikuwa ukipepesa kana kwamba kuna mtu anafungua na kufunga dirisha. Niliulaumu umeme kwa wiki nzima, nikabadilisha taa, nikanunua stabilaiza, na hali ikabaki ile ile. Kosa lilikuwa la lenzi, kwa namna nitakayoieleza hapa chini.

Nimelinganisha njia nne ambazo mtu wa Tanga anaweza kuzipata bila kuagiza ng'ambo: simu janja, kamera ndogo ya kompyuta inayochomekwa kwa waya wa USB, DSLR iliyotumika, na kamera ya kisasa isiyo na kioo ndani. Vigezo ni vitano: kutobadilika kati ya picha na picha, urahisi wa kuona unachokifanya, ukali wa picha na kina cha fokasi (yaani eneo la mbele na nyuma linaloonekana kali), uvumilivu wa umeme na hali ya hewa yetu, na gharama. Sikuvipa uzito sawa. Cha kwanza kina uzito kuliko vingine vyote vikijumlishwa, na ndiyo maana nimekiandikia zaidi. Lenzi nimezitengea sehemu yake.

Kutobadilika kati ya picha na picha

Kupepesa kwa picha kuna vyanzo vitatu: kamera inayorekebisha mwangaza, rangi na fokasi yenyewe, tundu la lenzi (uwazi unaopitisha mwanga, unaopanuliwa na kupunguzwa) lisilorudi mahali pake, na mwanga wa chumba unaobadilika.

Kwa DSLR chanzo cha kwanza huondoka mara moja, kwa kuwa kila kitu hupangwa kwa mkono: kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga), ISO (wepesi wa kamera kuitikia mwanga), mizani ya rangi na fokasi. Tatizo lake ni chanzo cha pili. Lenzi ya kisasa ya DSLR huliacha tundu lake wazi kabisa ili mpiga picha aone vizuri, hulifunga kwa kipimo alichochagua pale tu shata inapofunguka, kisha hulifungua tena. Vipande vyembamba vinavyoliunda tundu hilo havirudi mahali pale pale kila mara, hivyo f/11 (kipimo cha tundu; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo) ya picha ya kwanza huweza kupitisha mwanga zaidi kidogo kuliko f/11 ya picha ya pili. Kwa mpiga picha wa kawaida tofauti hiyo haipo. Kwetu sisi ndiyo iliyoupepesa ukuta wa mvuvi wangu.

Dawa yake ni lenzi ya zamani yenye pete ya tundu, ile unayoizungusha kwa vidole na ikabaki ulipoiacha. Lenzi za Nikon za aina ya AI na AI-S hukaa kwenye kamera za Canon EOS kwa msaada wa adapta nyembamba, kwa sababu lenzi ya Nikon hutaka umbali wa milimita 46.5 kutoka inapofungwa hadi kwenye kihisi cha picha (kipande kinachopokea mwanga na kuunda picha), nao mwili wa Canon una milimita 44, kwa hiyo adapta hujaza milimita 2.5 zilizopungua. Hapa pana jambo linalomshangaza karibu kila muuza duka ninayemweleza: lenzi hiyo ya Nikon hutulia zaidi kwenye kamera ya Canon kuliko kwenye kamera ya Nikon. Kamera ya Nikon ina kijiti kidogo kinacholishikilia tundu likiwa wazi na kuliachia wakati wa kupiga, hivyo ugonjwa unarudi ule ule; Canon haina kijiti hicho, na tundu hubaki limefungwa vile ulivyolifunga. Mpango huu si wa kimaskini. Filamu ya vikaragosi ya Corpse Bride ya mwaka 2005 ilipigwa kwa kamera za Canon EOS-1D Mark II zilizofungwa lenzi za Nikon.

Asiye na lenzi ya zamani anaweza kuweka kipimo, kubonyeza kitufe cha kukagua kina cha fokasi ili tundu lijifunge, kisha kuizungusha lenzi kidogo, huku akiwa amekishikilia kitufe, mpaka miguso yake ya umeme iachane na kamera. Tundu hubaki hapo hapo. Njia hii nimeitumia na inafanya kazi, ila lenzi inakuwa haijafungwa barabara, nami siipendekezi pale ambapo watoto wanapitapita.

Kamera isiyo na kioo hupangwa kwa mkono vilevile, na lenzi zake za kisasa zinaweza kuwa na kasoro hiyo hiyo ya tundu. Faida yake ni kwamba inapokea takribani lenzi yoyote ya zamani kupitia adapta, kwa kuwa umbali wake wa ndani ni mfupi: milimita 18 kwa kamera za aina ya Sony E na 20 kwa za Canon RF. Mwenye lenzi ya zamani lazima aingie kwenye menyu na kuiruhusu kamera ipige hata kama haioni lenzi, la sivyo itagoma. Mwenye lenzi ya kisasa ajihadhari na jambo moja zaidi: nyingi kati ya hizo huendesha fokasi kwa mota, na kamera ikizimwa au ikilala, fokasi huweza kupotea mahali ilipokuwa. Umeme ukikatika katikati ya tukio, hutaweza kuirudisha kwa usahihi ule ule.

Simu na kamera ya kompyuta zina bahati ambayo wengi hawaijui. Matundu ya lenzi zake, kwa sehemu kubwa, hayatembei kabisa, hivyo kasoro iliyonisumbua mimi hazina. Tabu yake ni kujiamulia. Simu hutaka kung'arisha uso, kulainisha kivuli na kubadilisha rangi kila inapoona mkono wako umepita, kwa hiyo ni lazima utumie programu inayofunga fokasi, mwangaza na rangi, kama vile Stop Motion Studio, badala ya ile kamera ya kawaida ya simu. Simu yenye lenzi kadhaa huweza kuhama kutoka lenzi moja hadi nyingine ukikisogelea kikaragosi, na ile yenye kizuia mtikisiko ina lenzi inayoelea, kiasi kwamba picha husogea kidogo ingawa stendi haijaguswa. Kamera ya kompyuta, kwa mfano Logitech C920, huruhusu kuzimwa kwa fokasi na mwangaza wa kujiendesha kupitia kompyuta, lakini ukiichomoa na kuichomeka tena huenda ikasahau ulichoipangia. Andika namba zote kwenye karatasi na uibandike ukutani.

Chanzo cha tatu hakichagui kamera. Madirisha yafunikwe kabisa, na kwa kazi hiyo sijaona kitambaa kinachoishinda kaniki iliyokunjwa mara mbili. Nguo za mwendeshaji nazo ziwe za rangi iliyokolea. Niliwahi kupiga tukio zima siku ya Ijumaa nikiwa na kanzu nyeupe, na kila nilipoinama mwanga wa kanzu ulimwangukia kikaragosi usoni. Kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, na shata ya polepole, kama sehemu moja ya kumi ya sekunde au zaidi, huyameza mapigo hayo yote bila tofauti kuonekana.

Kuona unachokifanya

Mwendeshaji huhitaji kuona picha iliyopita ikiwa imefifishwa juu ya picha ya sasa, ili ajue mkono umesogea kiasi gani. Kwa hili kamera ya kompyuta ni hodari kuliko bei yake: kinachoonekana kwenye skrini kubwa ndicho kinachorekodiwa. Simu hufanya vilevile, lakini skrini yake ni ndogo, na kuigusa kila unapopiga ni kuisogeza. Tumia rimoti ndogo, au kitufe cha sauti kwenye waya wa spika za masikioni kama simu yako inakubali.

DSLR na kamera isiyo na kioo huunganishwa na kompyuta kwa waya, kisha programu huonyesha picha hai, yaani kile kamera inachokiona wakati huo huo. Canon hutoa EOS Utility bila malipo, nayo hupiga picha kwa amri ya kompyuta, ingawa haikutengenezwa kwa ajili ya animesheni. Dragonframe ndiyo programu ambayo studio nyingi hutumia. Ni ya kulipia, na kabla ya kununua kamera yoyote ni busara kuitafuta kwenye orodha ya kamera inazozikubali. Simu haidai kompyuta hata kidogo, na kwa asiyekuwa nayo mjadala wa kigezo hiki unaishia hapo.

Ukali wa picha na kina cha fokasi

Megapikseli zisikusumbue. Video ya kiwango cha HD kamili ina pikseli 1920 kwa 1080, ambazo ni megapikseli 2 na kidogo. Ile ya 4K ni kama megapikseli 8.3. Canon EOS 1100D ya mwaka 2011, ambayo wapiga picha wamekwisha kuidharau, ina megapikseli 12. Kamera ya kompyuta ndiyo pekee kati ya hizi nne inayokosa akiba: ile ya HD inakupa HD na si zaidi, hivyo huwezi kuikata picha baadaye bila kupoteza ukali.

Kina cha fokasi kinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu vikaragosi ni vidogo na kamera huwa karibu. Kwa kihisi cha ukubwa unaopatikana kwenye DSLR za kawaida, lenzi ya milimita 50 (namba hii ikiwa ndogo, lenzi huona eneo pana zaidi) iliyo umbali wa sentimita 60, tundu likiwa f/8, hutoa eneo kali la takriban sentimita 4 tu. Ukilifunga hadi f/16 unapata kama sentimita 8. Kikaragosi akinyoosha mkono kuelekea kwenye kamera, mkono huo umekwisha kutoka kwenye fokasi. Kihisi kikubwa cha kamera za gharama hulifanya eneo hilo kuwa jembamba zaidi kwa fremu na tundu lile lile, ilhali kile kidogo cha simu na cha kamera ya kompyuta huonyesha karibu kila kitu kikiwa wazi. Mwenye mandhari yenye mambo mengi, kama mtaa mzima wa vibanda na baiskeli, huweza kupenda picha ya simu kwa sababu hiyo. Anayetaka uso wa kikaragosi ujitenge na ukuta ataipenda DSLR.

Umeme, joto na unyevu

Simu na kamera ya kompyuta hupata chaji au umeme kwa waya wake, na kamera ya kompyuta iliyo kwenye kompyuta mpakato huendelea kufanya kazi hata umeme ukikatika, japo taa zitakuwa zimezimika na tukio limeharibika vilevile. DSLR na isiyo na kioo hula betri haraka zinapoonyesha picha hai kwa saa nyingi, na kuibadilisha betri katikati ya tukio ni kuisogeza kamera. Zipo betri bandia zinazoingia mahali pa betri na kuungwa kwenye umeme wa ukutani. Hesabu bei yake kuwa sehemu ya bei ya kamera.

Kwa wanaoishi karibu na bahari, Raskazone kwa mfano, adui ni chumvi na kuvu. Kuvu huota ndani ya lenzi iliyofungiwa kwenye mkoba wa kitambaa wakati wa masika, na hutambaa kwenye kioo kama mizizi myembamba. Lenzi ikae ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Simu haina shida hiyo kwa kiasi kikubwa. Ikipigwa na taa kwa muda mrefu katika joto la Januari, hata hivyo, hupata moto na huweza kuipunguza nguvu skrini au kuifunga programu.

Gharama na maisha ya kifaa

Simu unayo tayari, na kama unayo kompyuta, kamera yake ndiyo ununuzi mdogo kuliko yote. DSLR iliyotumika pamoja na lenzi moja ya zamani hufuata, kisha kwa mbali kamera isiyo na kioo.

Anayenunua kilichotumika huogopa shata iliyochoka. Canon EOS 7D, kwa mfano, ilitangazwa kuwa na shata ya kuhimili picha 150,000. Filamu ya dakika tano kwa picha 12 kwa sekunde ni picha 3,600, hivyo hata ukipiga kila tukio mara mbili una nafasi kubwa. Mwili uliotumika harusini kila Jumamosi kwa miaka kumi ni habari nyingine. Kamera isiyo na kioo mara nyingi huwa na shata ya kielektroniki isiyochakaa, na simu na kamera ya kompyuta hazina shata ya chuma kabisa.

Lenzi

Kwa waliochagua DSLR au isiyo na kioo, uchaguzi huu una uzito kuliko ule wa mwili wa kamera, na mimi ningeipa lenzi fedha kwanza.

Lenzi ya zumu ya 18–55 inayokuja na kamera ina faida ya kukuwezesha kutafuta fremu bila kuhamisha stendi, na nyingi kati yake hukaribia hadi sentimita 25. Kasoro zake ni tundu lililoelezwa juu, na pete inayoteleza kamera ikiinamishwa. Ibane kwa utepe wa karatasi, na uzime kizuia mtikisiko kama kipo.

Lenzi ya mkono (inayopangwa kwa vidole) ya milimita 28 huifanya mandhari ndogo ionekane kubwa. Ukiiweka kamera chini, usawa wa macho ya kikaragosi, barabara yenye urefu wa mita moja huonekana kama mtaa mzima wa Ngamiani. Nikkor 28mm f/2.8 ya AI-S hukaribia hadi sentimita 20, jambo adimu kwa lenzi ya aina yake. Gharama ya lenzi pana ni kwamba huonyesha mengi, na kila inachoonyesha utalazimika kukijenga.

Lenzi ya milimita 50 huona eneo jembamba zaidi la nyuma, hivyo hupunguza useremala, na hupendeza kwa nyuso. Uangalie tu umbali wake wa karibu: nyingi za zamani huishia sentimita 45, ambazo ni mbali kwa kikaragosi chenye uso wa ukubwa wa limau. Kwa kazi hiyo Micro-Nikkor 55mm f/2.8 hufika sentimita 25 na kukichukua kitu kwa nusu ya ukubwa wake halisi kwenye kihisi. Pete za kati, ambazo ni mirija mitupu ya kuiweka lenzi mbali na kamera, huipa lenzi ya kawaida uwezo kama huo kwa fedha kidogo, ila lenzi haiwezi tena kuona mbali.

Tahadhari moja dukani: lenzi za Nikon zenye herufi G hazina pete ya tundu, na hali kadhalika lenzi za Canon EF. Kwa lengo letu, lenzi mpya ya bei kubwa isiyo na pete hiyo inaweza kuwa dhaifu kuliko ya mwaka 1980 iliyokwaruzika rangi.

Kwa hali yako

Ikiwa hujawahi kumaliza hata sekunde 30 za animesheni, tumia simu uliyonayo, na fedha uliyokusudia kununulia kamera ipeleke kwenye stendi nzito, taa mbili zinazofanana na kaniki ya madirishani. Vitu hivyo utavihitaji hata ukibadilisha kamera mara tatu.

Ikiwa unafundisha watoto au vijana kwa kikundi, kamera ya kompyuta ndiyo nyepesi zaidi kuishughulikia, kwa sababu wote wanaona skrini moja, na ikianguka hasara si kubwa. Usiichague kwa filamu unayotaka kuionyesha kwenye ukumbi wenye skrini kubwa.

Ikiwa una hadithi ya dakika tatu au zaidi, kompyuta inayofanya kazi na chumba ambacho hakitaguswa kwa wiki kadhaa, DSLR ya Canon iliyotumika na lenzi moja ya mkono ya milimita 28 au 50 itakutosha kwa miaka. Aliye na Nikon tayari asikimbilie kuiuza. Aichunguze kwanza programu anayoitumia, kwani kupepesa kidogo huweza kupunguzwa wakati wa kuhariri, na adapta ya lenzi zake itamfaa siku atakapohamia kwenye kamera nyingine.

Ikiwa kamera lazima ijilipe kwa kazi za harusi, send-off na matangazo ya maduka, isiyo na kioo ndiyo yenye hoja, kwa kuwa video yake ya kawaida itarudisha bei ambayo animesheni peke yake ingechukua muda mrefu kuirudisha. Inunulie adapta na lenzi moja ya zamani kwa ajili ya vikaragosi, ile ya kisasa ibaki na maharusi.

Na ikiwa umesimama dukani Kariakoo na basi la kurudi Tanga linakusubiri, omba kuijaribu. Weka kamera juu ya meza, panga kila kitu kwa mkono, ielekeze kwenye ukuta wenye kivuli kisichosogea, piga picha 24 bila kugusa kitu, kisha zichezeshe harakaharaka kwa kuzungusha gurudumu la kuangalia picha. Ukuta ukitulia, lipa. Ukipepesa, omba lenzi nyingine ujaribu tena kabla ya kuilaumu kamera.